Mipigo Kumi na Mitatu

Ujumbe uliingia saa tano kasoro usiku, na haukuanza na shikamoo. Kwa mpwa wangu hilo si jambo dogo. Mama yake amemlea kiasi kwamba hata akiomba hela ya vocha huanza na shikamoo na kumaliza na asante.

"Mjomba, mbona hukuniambia alipiga mara kumi na tatu tu?"

Nikausoma mara mbili. Alikuwa anamzungumzia Gift Ngoepe, mchezaji wa besiboli wa Afrika Kusini niliyemsimulia. Kisha nikailaza simu kifudifudi mezani, kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Leo ni wiki ya tano. Majibu nimeshaandika matatu, na yote nimeyafuta kabla sijayatuma. La kwanza lilikuwa refu mno, la pili lilianza kwa methali, na la tatu lilikuwa uongo.

## Udongo kwenye chupa

Jumamosi moja kabla ya ujumbe ule nilikwenda kumtazama akicheza besiboli. Ndiyo, besiboli. Wenzangu kazini wakisikia hivyo huuliza kwanza kama ni ule mchezo wa kwenye sinema, halafu wanauliza kama una hela. Pale Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien, kama uwanja wao mkongwe wa mwaka 1924 ambao vijana wa sekondari kule Japani huota kuukanyaga. Jua lilikuwa la saa saba mchana. Wazazi na walezi tulikuwa wachache, tumejibanza kwenye kivuli kimoja kama kuku.

Timu yake ilifungwa. Yeye mwenyewe alishika gongo mara nne (nitaliita gongo tu, mwenye kucheka acheke, hata wao uwanjani wanacheka). Mara tatu akatolewa bila kuugusa mpira. Mara ya nne akaugusa, ukajiviringisha taratibu hadi mikononi mwa mrushaji kama zawadi ya Idi.

Mechi ilipokwisha nilimwona amechuchumaa karibu na kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, anachota udongo na kuutia kwenye chupa tupu ya maji. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani aliwahi kuwaambia kwamba kule, wanafunzi wakitolewa kwenye mashindano ya Koshien, huchota udongo wa uwanja na kwenda nao nyumbani. Wengine huchota huku wanalia.

Yeye hakulia. Lakini kwenye daladala la Gongo la Mboto aliishika ile chupa kwa mikono miwili njia nzima, kama mtu aliyebeba mayai.

Nikamwonea huruma. Na mtu mzima akishamwonea mtoto huruma, hukosa subira, huanza kusimulia.

## Nilichomsimulia kwenye foleni

Nilimwambia habari za Gift Ngoepe.

Nilimwambia kwamba amezaliwa Januari 18, 1990, Pietersburg, mji ambao siku hizi unaitwa Polokwane, na kwamba alikuwa na umri wa siku 24 Mandela alipotoka gerezani. Kwamba mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye jengo la klabu ya besiboli ya Randburg Mets, kando ya Johannesburg, na familia iliishi katika chumba kimoja humo humo klabuni. Watoto wengine waliletwa mazoezini kwa magari ya baba zao. Yeye akifungua mlango, uwanja huo hapo.

Hebu ufikirie ua wa namna hiyo. Unapiga mswaki unatazama besi ya pili, kimoja cha vituo ambavyo mpigaji hukimbilia.

Nilimwambia kwamba kwa Afrika Kusini ule ulikuwa zaidi mchezo wa Wazungu, na mtoto wa mfanya usafi akaushika kuliko watoto wa wanachama. Kwamba mwaka 2008, akiwa na miaka 18, umri wa watoto wetu wanaosubiri matokeo ya kidato cha sita, alikuwa Tirrenia, Italia, kwenye akademi ambayo ligi kuu ya Marekani iliiendesha kwa ajili ya vijana wa Ulaya na Afrika. Miongoni mwa walimu alikuwemo Barry Larkin, nyota wa zamani wa Cincinnati. Mwaka huo huo klabu ya Pittsburgh Pirates ikampa mkataba. Hakuna Mwafrika Kusini mweusi aliyekuwa amewahi kusaini mkataba na klabu ya ligi kuu kabla yake.

Hapo daladala lilikuwa limekwama barabara ya Nyerere na kondakta ameshuka kwenda kununua karanga. Nilikuwa na muda wote duniani. Lakini sikiliza nilivyoisimulia sehemu iliyofuata, maana ndiyo inayonitesa:

"Basi, akapambana kwenye ligi ndogo miaka kadhaa, hakukata tamaa, halafu siku moja wakamwita."

Sentensi moja. Miaka minane na ushei nikaifunga kwenye sentensi moja, kama mtu anayefungasha maandazi.

## Usiku wa Muungano

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, Aprili 26, 2017. Sisi tulikuwa kwenye sikukuu ya Muungano. Pittsburgh walikuwa wanacheza na Chicago Cubs, mabingwa wa dunia wa msimu uliotangulia, na mrushaji wa Cubs alikuwa Jon Lester, mtu mzito, mmoja wa waliowapa ubingwa huo.

Ngoepe aliingizwa katika ngwe ya nne, yaani kipindi cha nne cha mechi. Alipokanyaga uwanja tu alikuwa ameshaingia kwenye vitabu: mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani, ligi ambayo mizizi yake inarudi hadi mwaka 1876. Zaidi ya wachezaji 18,000 walikuwa wamepita kabla yake.

Kisha akashika gongo kwa mara ya kwanza, Lester akarusha, na kijana akaupiga mpira ukapita katikati ya uwanja mpaka nje huko, akakimbia, akafika besi ya kwanza salama.

Mara ya kwanza kabisa, na akapiga.

Pirates walishinda 6-5. Kwa saa za Dar es Salaam ilikuwa usiku wa manane, tumelala. Kwa saa za Johannesburg tarehe ilikuwa imeshabadilika, Aprili 27, Siku ya Uhuru ya Afrika Kusini, kumbukumbu ya uchaguzi wa 1994. Hili la tarehe nililisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa kadi yake ya mwisho, na nikamwona mpwa wangu amegeuka, chupa imelala mapajani, macho yamefunguka.

Kondakta akapiga mlio, "Vingunguti, Vingunguti wapo?"

Nami nikanyamaza. Nikaona nimemaliza.

## Sabini na mbili

Watoto wa siku hizi huwezi kuwakatia hadithi. Wana simu.

Aliyoyakuta ni haya. Msimu ule wa 2017 Ngoepe alicheza mechi 28 na Pirates. Alishika gongo zamu 54 zinazohesabika, akapiga vizuri mara 12. Mwisho wa mwaka akapelekwa Toronto Blue Jays. Mwaka 2018 akacheza mechi 13, zamu 18, akapiga mara moja.

Mara moja.

Baada ya hapo hakurudi tena ligi kuu. Jumla ni mechi 41, zamu 72, mipigo 13. Ukigawanya unapata 0.181, na katika mchezo ambao hata mtoto wa shule anajua wastani wake kwa desimali tatu, hiyo ni alama ya mtu ambaye hatakaa sana. Besiboli ni mchezo wa ajabu: anayepiga tatu kati ya kumi ni nyota. Mpe mpiga penalti wa Simba au Yanga takwimu hizo uone kama atalala kwake. Lakini hata kwa kipimo hicho cha huruma, chini ya mbili kati ya kumi haitoshi.

Kwa hiyo mpwa wangu aliposema "kumi na tatu tu", hakuwa anadharau. Alikuwa amefanya hesabu na ameona kwamba mjomba wake alishuka kwenye daladala kabla hadithi haijafika kituoni.

## Simu ya dada

Siku mbili baadaye dada akapiga.

"Kaka, hivi umemwambia nini mtoto?"

"Kwani vipi?"

"Amebandika karatasi ukutani. Kumi na tatu gawanya kwa sabini na mbili. Mimi nikadhani hesabu za shule, nikafurahi, nikamwongezea nyama."

Yuko kidato cha tatu, mwakani ana mtihani wa taifa. Nikamweleza dada habari yote, kuanzia chumba cha klabuni mpaka hiyo 0.181, nikitegemea aniambie niache kumjaza mtoto upepo. Dada yangu ni mtu wa "kwanza cheti". Akakaa kimya kidogo, nikasikia sufuria zikigongana nyuma yake.

"Na huyo mama yake? Alimwona akicheza huko?"

Hapakuwa na namna ya kulizunguka. Maureen Ngoepe alifariki mwaka 2013. Miaka minne kabla ya usiku ule.

"Hilo nalo hukumwambia."

Sikumwambia.

"Basi mwambie yote," dada akasema, "usimpimie kama mgonjwa." Akakata simu bila kuniaga, maana ubwabwa ulikuwa unaungua.

## Miaka minane niliyoiruka

Nikarudi kwenye ile sentensi moja na kuifungua.

Msimu wa kwanza, 2009: Bradenton, Florida, ligi ya wageni na watoto. Machi ya mwaka huo alikuwa ameshachezea taifa lake kwenye mashindano ya dunia ya besiboli, ana miaka 19. Kisha State College, Pennsylvania. Kisha Charleston, West Virginia. Kisha Bradenton tena, timu ya daraja la juu kidogo. Kisha Altoona. Altoona tena. Altoona tena, mpaka katikati ya 2015, ndipo Indianapolis, hatua moja kabla ya mlango. Mwaka 2016 mzima yuko Indianapolis. Mwaka 2017 unaanza, bado Indianapolis.

Msomaji aliyezoea soka atauliza: mtu aliyesajiliwa na klabu kubwa anafanya nini miaka yote hiyo? Besiboli ya Marekani haina habari ya kijana wa miaka 18 kutoka sekondari kuingizwa kipindi cha pili Jumapili. Una mkataba na klabu, lakini unachezea timu zake ndogo zilizotawanyika kwenye miji midogo, ngazi baada ya ngazi, na wengi hawafiki juu hata siku moja. Miaka ile, ngazi za chini zililipa takriban dola 1,100 kwa mwezi, na kwa miezi ya msimu tu. Mwaka alioitwa, mshahara wa chini kabisa wa ligi kuu ulikuwa dola 535,000 kwa mwaka. Kati ya namba hizo mbili kuna mabasi ya usiku.

Nilipoitazama ramani, Altoona ndiyo iliyonichoma. Kutoka hapo hadi Pittsburgh ni pungufu ya Dar kwenda Morogoro. Misimu mitatu mtu anaishi umbali wa basi moja la asubuhi kutoka uwanja anaoutafuta, na hawezi kwenda, kwa sababu huendi mpaka uitwe. Na mwaka wa kwanza wa Altoona ndipo mama alipofariki, upande mwingine wa dunia.

Sijui wewe, lakini mimi hapo ningerudi nyumbani. Siandiki hivyo ili nionekane mnyenyekevu. Nimewahi kurudi nyumbani kwa sababu ndogo zaidi, na nitafika huko.

Tatizo lake halikuwa siri. Kwa glovu alikuwa fundi. Nafasi yake ni ile kati ya besi ya pili na ya tatu, ambako mpira huja kwa hasira na mtu ana nusu sekunde ya kuamua, na watu wa Pirates walimhesabu miongoni mwa walinzi bora kabisa waliokuwa nao kwenye ligi ndogo. Kupiga ndiko kulikomshinda. Glovu ilikuwa inampandisha, gongo linamshusha, na mwaka baada ya mwaka mtu mmoja ofisini alilazimika kuamua kama mizani ile inatosha kumpa mwaka mwingine.

Kila mwaka ikatosha. Kwa shida, nadhani, lakini ikatosha.

Na hata mlango ulipofunguka, haukufunguka kwa sababu alikuwa amejifunza kupiga ghafla. Wiki moja kabla, nyota wa Pirates, Starling Marte, alikuwa amefungiwa mechi 80 kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na timu ilikuwa na majeruhi. Palikuwa na pengo. Alikuwepo. Kwenye daladala niliisimulia kana kwamba dunia nzima ilikuwa imemsubiri, kumbe walikuwa wanatafuta mtu wa kuziba nafasi, na aliyekuwa tayari kwa misimu minane ni yeye.

Nimezunguka na hili kwa wiki tano. Kuna siku naliona linaipunguza hadithi. Kuna siku naliona ndilo lenyewe.

## Goti langu

Sasa la kwangu, maana bila hili sina haki ya kuandika mengine.

Watu wengi wanaonifahamu wanajua kwamba niliacha mpira wa miguu kwa sababu ya goti. Nimelisimulia goti hilo kwenye harusi, kwenye vijiwe, kazini. Nikiwa na miaka 19 nilikwenda kwenye majaribio ya timu moja ya mkoani, na hapo, husema, goti likaniangusha.

Goti langu ni zima. Halijawahi kuuma.

Nilikwenda kwenye majaribio ya siku nne. Siku ya pili jioni, jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliotakiwa kubaki. Kocha alisema kwa upole kabisa kwamba nirudi baada ya miezi sita, mguu wa kushoto ukiwa umepata kazi. Nilikuwa na miezi sita. Nilikuwa na mguu wa kushoto. Nilipanda basi nikarudi, na nilipofika stendi, kabla sijafika nyumbani, goti likawa limeshazaliwa.

Dada yangu anajua. Hajawahi kusema. Ila kila nikilitaja goti mbele yake, huinuka kwenda jikoni.

Nilipoona ule ujumbe wa "mbona hukuniambia", nilishtuka kuliko ulivyostahili, na sasa najua kwa nini. Mtoto alikuwa ameuliza kuhusu Ngoepe. Mimi nilisikia ameuliza kuhusu goti.

Ngoepe hakuhitaji goti. Alikuwa na sababu nyingi za kweli za kurudi nyumbani, na hakutumia hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa naikata hadithi yake mahali patamu, kama nilivyoikata ya kwangu mahali pasipoumiza. Aliyefika nampamba mpaka haonekani alifikaje, na nisipofika mimi natafuta kiungo cha mwili cha kukilaumu.

## Jirani zetu wa Lugazi

Nilijaribu pia kujitetea kwa upande mwingine. Nikajiambia: mtoto wa Kiafrika kwenye besiboli anahitaji matumaini zaidi ya takwimu. Nikaanza kutafuta matumaini hayo karibu, na nikayakuta Uganda, nayo pia hayakuwa na sukari nyingi.

Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata Uganda ikafuzu tena, kwa timu ya mji wa Lugazi, safari hii wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Nawafikiria wale wa 2011. Waliufungua mlango, wakaingia wadogo zao. Mtoto wa miaka 12 mwaka 2011 hawi tena na miaka 12 mwaka 2012.

Kisha Dennis Kasumba, yatima kutoka pembezoni mwa Kampala, ambaye video zake akijifua kwa matairi na matofali zilizunguka dunia nzima. Naye aligongeshwa mwamba na viza kabla ya kufika Marekani mwaka 2023 kucheza na Frederick Keys ya Maryland, kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Miaka hiyo hiyo Waganda kadhaa wamesaini na klabu kubwa, akiwemo mrushaji David Matoma, aliyesaini na Pirates, ile ile ya Ngoepe.

Napenda kufikiri kwamba mipigo 13 ina mkono hapo, kwamba mtu fulani Pittsburgh, akiletewa jina la kijana wa Kiafrika mwenye mkono wa haraka, hakuanza kwa kuuliza "huko nako wanacheza?" Sina ushahidi wa hilo. Ni mawazo ya mjomba tu.

## Jumapili

Jumapili iliyopita nikaenda kwa dada na kumwambia mtoto yote.

Nilianza na mama, na chumba, na mwaka 2013. Nikataja miji yote kwa mpangilio: Bradenton, State College, Charleston, Bradenton, Altoona, Altoona, Altoona, Indianapolis. Nikataja dola 1,100. Nikataja pengo la Marte. Nikataja zamu 18 za Toronto na ule mpigo mmoja. Sikuweka methali yoyote. Karatasi ilikuwa bado ukutani, kona moja imeinuka kwa joto.

Alisikiliza kimya huku anachezea kamba ya glovu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka minane alikuwa anakosa?"

"Kuliko alivyokuwa anapiga, ndiyo."

"Na walikuwa wanamwacha tu?"

"Walikuwa wanamwangalia akidaka."

Akafikiri. Mimi nilikuwa najiandaa kwa swali kubwa, lile la "sasa nifanye nini na maisha yangu", na nilikuwa sina jibu. Badala yake akachukua kalamu, akasogea kwenye karatasi, akaandika chini ya namba za Ngoepe: 0/4.

"Hii ya kwangu, ile mechi."

Kisha pembeni yake akaandika 1/5, akaizungushia duara.

"Jumamosi, zamu ya kwanza, nikipiga, nakuwa na moja kwa tano. Sifuri nukta mbili." Akanitazama kama mtu aliyekamata mwizi. "Nakuwa nimempita."

Kutoka jikoni mama yake akasema hesabu hizo hizo akazifanye kwa mwalimu.

Nikaona huo ndio wakati. Nikamwambia na habari za goti. Kwa kifupi, bila kupamba, siku ya pili jioni na orodha na stendi. Alicheka kwanza, akadhani ni utani, kisha akaacha kucheka na kulitazama goti langu kwa muda mrefu, kana kwamba lenyewe ndilo lililokuwa linasema uongo.

Dada alikuwa ametokea mlangoni na kitambaa mkononi. Safari hii hakuinuka kwenda popote. Akasogea kwenye meza ya televisheni, ilipowekwa ile chupa ya udongo wa Azania, akaiinua kuipangusa vumbi chini yake. Utotoni dada yangu alikuwa bingwa wa rede mtaa mzima; anakwepa mipira ya pande mbili huku anajaza chupa mchanga, na hakuna aliyewahi kumpata kabla haijafika shingoni. Akaitikisa chupa ya mwanawe, akaipima kwa jicho.

"Haijajaa hii," akasema, akairudisha mahali pake.

Usiku, nimeshafika kwangu, simu ikalia.

"Shikamoo mjomba. Jumamosi tunacheza tena saa tatu asubuhi. Glovu mbili za timu zimechanika, kocha kasema kila mtu achange elfu tano. Asante."